Ushanga wa Sita

Somo la protini nimelifundisha kwa miaka mingi. Nililifundisha nikiwa mwalimu kijana, nikalifundisha nikiwa mwalimu mkuu niliyelazimika kuingia darasani kwa uhaba wa walimu wa sayansi, na hata baada ya kustaafu nimepata kuwaeleza wajukuu barazani. Kila mara nilianza kwa kuonyesha uzi wa shanga. Nilikuwa nikisema: protini ni shanga zilizotungwa, na kila ushanga ni asidi amino moja. Wanafunzi walielewa upesi. Aliyechelewa kuelewa nilikuwa mimi.

Katika insha hii nakusudia kusimulia historia ya protini moja, hemoglobini, na ya ushanga mmoja tu katika protini hiyo. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya historia yake ilifanyika hapa kwetu Afrika ya Mashariki, ijapokuwa vitabu tulivyosomea chuoni havikutuambia. Pili, nina deni kwa marehemu, na umri wangu haunipi tena nafasi ya kuahirisha.

Mwaka 1976 nilikuwa nafundisha Kemia na Biolojia katika shule moja ya sekondari ya bweni, Nyanda za Juu Kusini. Enzi hizo vijana walipangiwa shule mbali na kwao ili wapate kuijua nchi yao na kujuana, na kwa jambo hilo sina lawama. Katika kidato cha pili alikuwapo kijana mmoja kutoka kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Musoma. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko wenzake, miguu myembamba, na macho yake yalikuwa na umanjano ambao sisi tulidhani ni mabaki ya malaria. Hesabu alizijua sana. Alipokuwa mzima alichekesha bweni zima.

Julai kule ni mwezi wa baridi kali. Kila alfajiri shule nzima ilikimbia mchakamchaka, na juma lile mimi nilikuwa mwalimu wa zamu. Siku ya kwanza kijana yule hakutoka bwenini. Nilimkuta amejikunyata chini ya blanketi, akaniambia miguu inamuuma, na mgongo unamuuma. Nilimulika kwa tochi, sikuona kidonda wala uvimbe. Nikamwambia kuwa maumivu yasiyoonekana ni jina jingine la uvivu. Nilimtoa nje, nikamkimbiza kuzunguka kiwanja, na aliposhindwa nikampa adhabu ya kuteka maji kisimani mpaka kengele ya chai. Siku ya pili nikarudia. Siku ya tatu alipelekwa hospitali ya wilaya akihema kwa shida. Hakurudi.

Baba yake mdogo alisafiri siku tatu kuja kuchukua sanduku la bati. Alitueleza kwa sauti ya chini kwamba huyo alikuwa mtoto wa tatu kufa katika nyumba ile, na kwamba wazee walikwisha kumrudisha mama yake kwao, kwa kuwa ilionekana mkono wake hauna heri kwa watoto. Cheti cha hospitali kilitaja ugonjwa wa chembe za damu zenye umbo la mundu. Nililisoma jina hilo kama mtu asomavyo jina la mji asiopata kufika. Na juma lile lile, tena katika darasa lake yule kijana, nilikuwa nimechora ubaoni umbo la asidi amino.

Sasa nimweleze msomaji nilichokuwa nimechora. Asidi amino ina atomi ya kaboni katikati, nayo ina mikono minne. Mkono wa kwanza umeshika kundi la amino, yaani naitrojeni na haidrojeni. Wa pili umeshika kundi la asidi, lenye kaboni, oksijeni na haidrojeni. Wa tatu umeshika haidrojeni peke yake. Mkono wa nne ndio wenye mambo, maana hushika mkia ambao hutofautiana kutoka asidi amino moja hadi nyingine. Miili yetu hutumia aina 20 za mikia hiyo kujenga protini zake. Mwingine ni mfupi, mwingine mrefu. Mwingine una chaji ya umeme na hupenda maji, mwingine ni kama mafuta na huyakimbia maji. Asidi amino ya kwanza ilitolewa katika mmea huko Ufaransa mwaka 1806, na ya mwisho katika hizo 20 ikagunduliwa mwaka 1935. Ilichukua miaka 129 kuzikamilisha.

Namna zinavyoungana ilielezwa mwaka 1902 na wanasayansi wawili, Emil Fischer na Franz Hofmeister, kila mmoja kwa njia yake. Kundi la asidi la ushanga mmoja hushikana na kundi la amino la ushanga unaofuata, na molekuli moja ya maji hutoka. Ndivyo uzi unavyoendelea. Lakini uzi huo haubaki umenyooka. Mikia inayokimbia maji hujificha ndani, ile ipendayo maji hukaa nje, na uzi mzima hujikunja ukawa donge lenye umbo maalumu. Kazi ya protini hutokana na umbo hilo. Kwa hiyo mpangilio wa shanga huamua umbo, na umbo huamua kazi. Haya yote niliyajua mwaka 1976, na mtihani wake niliufaulu vizuri.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani kuliko maabara. Waga wa Ghana waliuita chwechweechwe, jina linalorudiarudia sauti kama maumivu yanavyomrudia mgonjwa. Daktari wa Kighana, Felix Konotey-Ahulu, ameeleza kuwa watu mbalimbali wa nchi yake walikuwa na majina ya namna hiyo kabla ya wazungu kuwa na lolote. Katika vitabu vya Kizungu, hata hivyo, hadithi huanzia Chicago. Mwishoni mwa mwaka 1904 kijana mweusi kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, alilazwa hospitali. Daktari mwanafunzi, Ernest Irons, alitazama damu yake kwa hadubini akaona chembe nyekundu zilizopinda. Mkubwa wake, James Herrick, akaandika habari hiyo mwaka 1910 na kuzifananisha chembe hizo na mundu. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao Grenada kutibu meno, akafariki mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 32. Namfikiria mara nyingi kijana huyo wa kisiwa cha joto katika baridi ya Chicago.

Kwa miaka karibu 40 madaktari waliziona chembe zilizopinda bila kujua kinachozipinda. Aliyeuliza swali kwa namna mpya hakuwa daktari bali mwanakemia, Linus Pauling wa California. Mwaka 1945 alisikia kutoka kwa daktari mmoja kuwa chembe hizo hupinda zinapokosa oksijeni na hunyooka zikiipata. Pauling akawaza: kinachobeba oksijeni ndani ya chembe ni hemoglobini, basi ubaya umo ndani ya hemoglobini yenyewe. Kazi ya kuthibitisha akampa kijana Harvey Itano.

Habari za Itano zinastahili kusimuliwa kwa walimu. Alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Kijapani. Mwaka 1942 alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote waliohitimu katika Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, lakini siku ya kutunukiwa medali hakuwapo, kwa kuwa serikali ya nchi yake ilikwisha kumweka kambini pamoja na maelfu wengine kwa kosa la kuwa na damu ya Kijapani. Mtu huyo, aliyefungiwa kwa ajili ya damu, ndiye aliyekuja kuipima damu. Itano na wenzake walipitisha umeme katika maji yenye hemoglobini. Ile ya watu wazima wa afya ilikwenda kwa namna moja, ile ya wagonjwa kwa namna nyingine. Chaji zake hazikulingana. Kwa wale waliorithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, walikuta aina zote mbili zimechanganyika. Mwaka 1949 walichapisha makala iliyoutambulisha ugonjwa huo kuwa ugonjwa wa molekuli. Mwaka huo huo James Neel alionyesha jinsi unavyorithiwa: mgonjwa hupokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama.

Msomaji naomba asimame hapa kidogo. Hapana mama duniani awezaye kumpa mtoto ugonjwa huu peke yake. Kama wazazi wote wawili wana jeni moja moja, basi katika kila mimba nafasi ya mtoto kuwa mgonjwa ni moja kati ya nne. Jambo hili lilikuwa limechapishwa miaka 27 kabla ya baba mdogo yule kuniambia habari ya mkono usio na heri.

Ilibaki kujua tofauti yenyewe ni nini. Mwingereza Frederick Sanger alikuwa amefungua njia. Ifikapo mwaka 1955 alikuwa amezisoma kwa mpangilio shanga zote 51 za insulini, protini ya kwanza kusomwa namna hiyo, na mwaka 1958 akapewa Tuzo ya Nobel. Hemoglobini ni kubwa zaidi. Ina nyuzi nne: mbili za aina ya alfa zenye shanga 141 kila mmoja, na mbili za aina ya beta zenye shanga 146 kila mmoja. Jumla ni 574. Max Perutz, mzaliwa wa Vienna, alianza kuchunguza umbo lake huko Cambridge mwaka 1937 kwa kupiga picha za eksirei, na ilimchukua miaka 22 kulipata.

Pale pale Cambridge alikuwapo Vernon Ingram, aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto. Alichukua hemoglobini nzima na ya mgonjwa, akazikatakata zote mbili kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, kisha akavitandaza vipande kwenye karatasi, kwanza kwa umeme, halafu kwa kimiminika kinachopanda kama mafuta katika utambi. Kila kipande kiliacha doa mahali pake. Mwaka 1956 alitangaza kuwa madoa yote yalilingana isipokuwa moja. Mwaka uliofuata akalifafanua doa hilo. Katika uzi wa beta, mahali tunapopaita leo pa sita, palipotakiwa kuwa na asidi ya glutamiki pamekaa valini.

Asidi ya glutamiki ina mkia wenye chaji, unaopenda maji. Valini ni kaboni na haidrojeni tupu, mkia wa mafuta. Hemoglobini inapoachia oksijeni, ule mkia wa mafuta uliobaki nje hutafuta mahali pa kujificha, na mahali hapo huwa ni kijishimo katika molekuli jirani. Jirani naye hushika wa pili, na wa pili hushika wa tatu, mpaka ndani ya chembe moja zimejengeka kamba ndefu na ngumu. Chembe iliyokuwa laini kama kichupa cha mpira hunyooshwa na kupindwa. Haipiti tena katika mishipa midogo. Huziba, na nyama iliyo mbele hukosa hewa. Hayo ndiyo maumivu yasiyoonekana kwa tochi. Na chembe hizo, badala ya kuishi siku 120 hivi, hufa kati ya siku 10 na 20, na takataka za kufa kwake ndizo zinazotia macho umanjano.

Ni nini huchochea chembe kupinda? Baridi, kiu, uchovu wa kukimbia, homa. Niliposoma orodha hiyo mara ya kwanza, mwaka 1983, katika kozi ya walimu wa sayansi, nilitoka nje ya ukumbi. Baridi, kiu, kukimbia: kwa siku mbili mfululizo nilikuwa nimempa kijana yule vyote vitatu kwa mkono wangu, nikiita malezi. Wenzetu husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikwenda mbali zaidi: nilimpiga mwenye kitanda kwa kujikuna.

Katika kozi hiyo ndipo nilipokutana pia na jina la Anthony Allison. Alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya, katika Bonde la Ufa. Mwaka 1949 alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya, akapima damu za watu wa makabila mengi. Alikuta kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni moja ya mundu, lakini nyanda za juu penye baridi na sehemu kavu hawakufika hata mmoja. Kama jeni hiyo huua watoto, mbona haiishi? Allison alikuwa mtoto wa Kenya, alijua palipo na mbu. Akahisi kuwa jibu ni malaria.

Akarudi mwaka 1953 kuthibitisha. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 43 waliokuwa na jeni ya mundu, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, 113 walikuwa navyo. Kisha wanaume 30 wa Kijaluo walijitolea kuambukizwa malaria. Kati ya 15 wasio na jeni hiyo, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wenye nayo, 2 tu. Jaribio la namna hiyo leo lisingeruhusiwa kirahisi. Vitabu humsifu Allison, naye anastahili, lakini wanaume wale 30 sijapata kuona majina yao mahali popote.

Alichapisha matokeo mwaka 1954. Aliyerithi jeni moja hupata kinga dhidi ya malaria ile kali iuayo watoto; aliyerithi mbili hulipa gharama. Ni kana kwamba ukoo mzima ulinunua ngao na deni likaandikwa kwa jina la mtoto mmoja. Mwaka 1956 akatoa takwimu nyingine, kutoka Musoma. Kati ya watoto wachanga 287, wenye jeni mbili walikuwa 9, yaani 3 katika kila 100. Kati ya watu wazima 654, walikuwa 5 tu, chini ya mmoja katika kila 100. Nikafanya hesabu mwenyewe kando ya ukurasa. Wengine wote walikuwa wamekwisha zikwa. Kijana wangu alikuwa bado kuzaliwa, na tayari nafasi yake katika hesabu ile ilikuwa wazi.

Nilijua wajibu wangu tangu mwaka ule, lakini nilipata sababu za kutousimamia: safari ni ndefu, nauli hakuna, huenda wamehama. Mwaka 1989 nilihamishiwa Kanda ya Ziwa, sababu zikaniishia. Nilimkuta mama yule akiishi kwa kaka yake, mzee kabla ya wakati wake. Aliniandalia kiti, akanipa maji. Nilitoa mfukoni uzi wa shanga, nikamweleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani: shanga nyeupe, na ule wa sita mwekundu. Nikamwambia mtoto huupokea kutoka pande zote mbili.

Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo na baba yake alikuwa nao?"

"Ndiyo, mama. Nusu kwako, nusu kwake. Wala hakuna aliyekosa."

Aliushika ule uzi, akauhesabu kwa kidole mpaka wa sita, akarudi mwanzo, akahesabu tena. Kisha akasema, "Mwalimu, mbona hukuja mapema? Waliosema wamekwisha kufa wote."

Sikuwa na jibu. Kaka yake aliniomba niyarudie maneno yale mbele ya majirani jioni, nami nikayarudia. Habari ya mchakamchaka sikumweleza. Niliogopa. Yeye naye sasa ni marehemu, kwa hiyo nimeiandika hapa.

Mambo yamebadilika. Ugonjwa huo kwa Kiswahili sasa tunauita selimundu, na Umoja wa Mataifa uliutengea siku, tarehe 19 Juni, kwa azimio la mwaka 2008. Muhimbili wamekuwa wakifuatilia wagonjwa kwa utaratibu tangu 2004, chini ya Dakta Julie Makani. Dawa ya hidroksiyurea, ambayo Marekani iliidhinishwa kwa watu wazima mwaka 1998, ilijaribiwa kwa watoto wa Kiafrika, wakiwamo wa Kilifi na Mbale, na matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kuwa hupunguza maumivu, malaria na vifo. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni zenyewe. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Ugonjwa ambao ngao yake ilitengenezewa kwenye mbu wetu, tiba yake haifiki tulipo sisi.

Lakini kipimo cha damu kinapatikana, na maji ya kunywa yapo, na sweta lipo. Mwalimu kijana anayesoma haya hahitaji dola milioni mbili. Asubuhi ya baridi akimkuta mtoto amejikunyata bwenini, macho yana umanjano na mguu hauna kidonda, amfunike, ampe maji, ampeleke hospitali. Kisha, akiwa na muda, amuulize mama wa mtoto huyo watu wanamsemaje huko nyumbani.